Dokta Siri wa Vientiane: mzee wa miaka 72 aliyepewa mochwari badala ya kustaafu

Nimemaliza The Coroner's Lunch ya Colin Cotterill jana usiku, na asubuhi hii bado niko nayo kichwani. Nimesoma riwaya nyingi za upelelezi, zile za mapolisi walevi, za mabinti wenye akili nyingi na zile za matajiri wanauana kwenye jumba moja, ila hii ni ya kwanza kwangu ambayo anayetafuta ukweli ni mzee wa miaka 72, daktari, mkomunisti wa siku nyingi aliyechoka, na ofisi yake ni mochwari isiyokuwa na vifaa kwenye nchi ambayo serikali yake haijatimiza hata mwaka. Nchi ni Laos, mwaka ni 1976.

Tuanze na jina kwanza maana msomaji wa Kiswahili hawezi kulipita hivihivi. Dokta anaitwa Siri Paiboun. Siri! Na kazi yake ndo hiyohiyo, kufungua siri za watu waliokwisha kufa. Kule kwao hilo neno asili yake ni Kisanskrit na linabeba maana ya baraka na fahari, halihusiani kabisa na letu, lakini mi kila nilipoliona nilikumbuka siri ya mtungi aijuaye kata, na humu ndani kata ndo huyu mzee.

Sasa stori. Pathet Lao, yaani wapiganaji wa kikomunisti wa Laos, wameshinda vita, mfalme Savang Vatthana kaachia kiti, na tarehe 2 Desemba 1975 ikatangazwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Watu wa Lao, rais akiwa Souphanouvong ambaye mwenyewe ni mwana wa ukoo wa kifalme, na waziri mkuu Kaysone Phomvihane. Siri alikuwa na hawa watu porini miaka na miaka akishona majeruhi. Udaktari alisomea Paris, na huko Paris akampenda binti anaitwa Boua, ila Boua moyo wake ulikuwa na wawili, yeye na Chama cha Kikomunisti, ukimtaka Boua unachukua na Chama chake. Ndo alivyoingia, kwa mapenzi, sio kwa kusoma vitabu vya Marx usiku kucha, na mimi nadhani hapo ndo penye ufunguo wa huyu mtu wote. Boua alishafariki siku nyingi. Vita imeisha. Mzee anawaza kupumzika, anafika Vientiane, mji mkuu, anaambiwa umeteuliwa, wewe ndo mchunguzi wa maiti wa taifa. Wa taifa zima, peke yake, maana aliyekuwepo kabla yake kavuka mto Mekong kakimbilia Thailand kama walivyofanya madaktari na wasomi wengi tu kipindi kile. Pale Vientiane ukisimama ukingoni Thailand unaiona kwa macho, ni maji tu yanawatenganisha.

Na Siri hajawahi kupasua maiti kwa ajili ya uchunguzi hata siku moja. Alikuwa anawashona watu ili wasife, sasa anaambiwa awafungue waliokufa. Anajifunzia kwenye vitabu chakavu vya Kifaransa vilivyoachwa, anafungua ukurasa, anaangalia maiti, anarudi kwenye ukurasa.

Hii mochwari ipo hospitali ya Mahosot, hospitali ya kweli ipo mpaka leo pale mjini, na kwangu sehemu zote za mochwari ndo bora kuliko zingine zote kwenye kitabu. Hakuna maabara, kemikali hakuna. Mzee akishuku sumu inabidi abebe sampuli zake mpaka shuleni kwa mwalimu wa kemia, mwalimu Oum, waombeane vichupa vilivyobaki kabatini halafu wasubiri rangi ibadilike kwenye testityubu, na pale rangi inapobadilika mimi nilikaa wima kitandani, kwa sababu mwandishi kashakufanya ujue kwamba hicho kichupa kikiisha hakuna kingine, sio nchini sio popote pa karibu, mpaka wa Thailand unafungwa fungwa na marafiki wapya wa nchi wako mbali. Riwaya nyingi za siku hizi majibu ya maabara yanakuja kwa simu na mpelelezi anaendelea na mambo yake. Humu jibu moja linalipiwa jasho, na ndo maana linakuwa na uzito.

Wasaidizi wake ni wawili. Kuna nesi Dtui, dada mnene mwenye mdomo mwepesi, anasoma majarida ya Kithai ambayo ukikutwa nayo unaweza kuulizwa maswali, nyumbani ana mama mgonjwa, na chini ya mizaha yote ana hamu kubwa ya kusoma awe kitu. Halafu kuna Bwana Geung ambaye ana hali ya Down, ile ya kuzaliwa nayo inayochelewesha akili, amefanya kazi mochwari kabla hata Siri hajafika, na yale aliyofundishwa kayashika kichwani kama yameandikwa. Niliogopa kidogo nilipokutana naye maana waandishi wakiweka mtu wa namna hii huwa ama wanamfanya kichekesho ama wanamfanya malaika. Cotterill kamfanya mfanyakazi. Ana siku zake nzuri na mbaya, ana vitu anavyovijua kuliko dokta, ana watu anaowapenda na wasiompendeza. Na Siri siku zote anamwita Bwana Geung, hilo "Bwana" halidondoki hata mara moja, kwenye mji ambao kila mtu sasa hivi ni ndugu fulani na ndugu fulani, na huo undugu mara nyingi hauna undugu wowote ndani yake.

Hapo ndo anapoingia Jaji Haeng. Huyu ni bosi wake Siri, kijana tu, kasomea kwa Wasovieti, karudi na kiti kikubwa na misemo ya Chama kwa kila jambo. Anamwita mzee ofisini, anamkalisha, anamkosoa ripoti zake moja baada ya nyingine, halafu anamalizia na msemo kuhusu mkulima au mti au mto ambao kautunga yeye. Mwandishi hizi sehemu kaziandika zichekeshe na kweli zinachekesha, lakini mi zilinichoma. Mtu wa umri wa baba yako mzazi, aliyelala mapangoni wewe ukiwa unasoma, unamfundisha maana ya mapinduzi? Na Siri anakaa pale kwenye kiti, anasikiliza, anaitikia, halafu anarudi mochwari anafanya alichokusudia kufanya tangu asubuhi.

Na hilo ndo jambo ambalo mi naona kitabu hiki kinalisema vizuri kuliko kingine chochote nilichosoma cha aina hii. Kwenye nchi ile ya mwaka ule kila mtu ana kitu cha kupoteza. Ukiongea vibaya unapelekwa semina, wenyewe waliita samana, jina zuri kabisa kama la mkutano wa siku tatu, ila kuna maofisa wa serikali ya zamani walipelekwa huko mbali kaskazini mashariki wakakaa miaka na wengine hawakurudi. Majambazi wadogo na makahaba wa mjini wakapelekwa visiwani kwenye bwawa la Nam Ngum, wanaume kisiwa chao wanawake chao. Sasa mtu wa miaka 72, mjane, hana mtoto, hana cheo anachokitaka, hataki gari wala nyumba, utamtishia nini? Chama kimempa kazi ya kuandika sababu za vifo kwa kuwa kilidhani mzee kachoka ataandika anachoambiwa, kumbe uchovu wake ndo umemfanya asiogope. Riwaya nyingi zenye mpelelezi mzee uzee ni mzigo, magoti yanauma, macho hayaoni. Humu magoti yanauma vilevile lakini uzee ndo silaha.

Kesi ziko tatu, nitazigusa tu nisikuharibie. Ya kwanza mke wa mkubwa mmoja wa Chama, Bi Nitnoy, anadondoka anakufa wakati wa chakula cha mchana na wenzake wa umoja wa wanawake, na mume wake, Ndugu Kham, ana haraka ya ajabu ya kutaka maiti itoke mochwari. Haraka ya mfiwa nayo ni ushahidi, Siri anaona hilo kabla hajashika kisu. Ya pili kuna maiti za Wavietnam zinaibuka kwenye hilohilo bwawa la Nam Ngum, zina alama za mateso, na hapo shughuli inakuwa pevu maana Vietnam ndo kaka mkubwa, ndo aliyewashika mkono Pathet Lao mpaka wakaingia madarakani, sasa ikisemwa kwamba Walao wamewatesa Wavietnam wakawaua kutakuwa hakukaliki. Ya tatu inampeleka mzee kusini, Khamuan, ambako makamanda wa jeshi kwenye mradi wa mbao wanakufa mmoja mmoja karibu na kijiji cha Wahmong, kabila la watu wa milimani.

Ile ya Wavietnam nimeipenda kwa sababu ya daktari mwenzake anayekuja kutoka Vietnam kuangalia maiti pamoja naye. Wazee wawili, kila mmoja katumwa na serikali yake alinde heshima ya serikali yake, wanafunga mlango wa mochwari wanabaki na maiti, na taratibu wanaacha kuwa wawakilishi wanakuwa madaktari. Nilisoma hiyo sehemu mara mbili.

Na kuna hicho chakula cha mchana chenyewe kilichopo kwenye jina. Siri ana rafiki yake Civilai, mzee mwenzake, huyu yuko juu kabisa kwenye Politiburo, kikao cha wakuu wa Chama, na mchana wanakutana ukingoni mwa Mekong wanakaa kwenye gogo wanakula mikate. Ni ile mikate mirefu waliyoiacha Wafaransa, waliotawala pale tangu 1893 mpaka uhuru wa 1953, Walao wanaiita khao jee wanaijaza wanavyotaka wenyewe, na Siri anainunua kwa Shangazi Lah ambaye anamjazia vizuri kuliko wateja wengine kwa sababu zake anazozijua. Pale kwenye gogo hawa wazee wawili wanasema yale ambayo hayasemeki ndani ya jengo lolote mjini. Wanalaumu, wanacheka, wanaulizana hivi hii ndo tuliyoipigania? Na hawajaichukia. Hapo nampa Cotterill heshima yake, angeweza kirahisi kumfanya Siri awe mpinzani anayesubiri utawala uanguke, msomaji wa Ulaya angefurahi, lakini Siri sio hivyo. Aliona Wafaransa walivyotawala na aliona mabomu ya Wamarekani, kwa hiyo hana mahali pa kurudi na hatamani yaliyopita. Kavunjika moyo tu, kama mtu aliyeoa kwa mapenzi na sasa wamebaki wawili nyumbani hawana la kuongea, na bado hatoki.

Kuhusu hayo mabomu. Ukisoma kitabu hiki bila kujua kilichotangulia utakosa nusu ya uzito wake. Kati ya 1964 na 1973 Marekani ilidondosha Laos zaidi ya tani milioni 2 za mabomu, kwenye nchi yenye watu wapatao milioni 3 hivi na ambayo haikuwa imetangaziwa vita na mtu, na mengi hayakulipuka, yapo ardhini mpaka leo yanakata watoto miguu. Pathet Lao walijificha mapangoni kule Viengxai, hospitali zikawa pangoni. Siri katoka huko. Kwa hiyo anapokuwa mtulivu mbele ya maiti usidhani ni roho ngumu.

Upande wa pili walikuwepo Wahmong, sio wote ila wengi, walioajiriwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani, chini ya jenerali wao Vang Pao wapigane vita ya siri wakiwa na makao Long Cheng, na Mei 1975 ndege zikamchukua jenerali na watu wachache, maelfu wakabaki pale chini na familia zao wanasubiri ndege ambayo haikuja. Waliobaki waliwindwa. Hiyo ndo hali ya kijiji anachofikia Siri kule Khamuan, na hapa ndo nina malalamiko, nitayasema.

Maana kuna jambo sijasema bado. Siri anaona wafu. Usingizini wanamjia, wanakaa pembeni, hawaongei lakini wanamuonyesha. Yeye ni mtu wa sayansi, anachukia hilo jambo, halielewi, na ana macho ya kijani ambayo Mlao wa kawaida hana, na kule kwa Wahmong wanamtambua kwa jina lingine kabisa, wanasema ndani yake kuna roho ya mganga wao mkubwa wa kale, Yeh Ming, aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Najua kuna watu hapa watakifunga kitabu, wanasema upelelezi na mizimu havikai chungu kimoja. Mi naona vinakaa, tena vinakaa vizuri, kwa sababu mizimu haimwambii muuaji ni nani. Inamsumbua tu asilale mpaka atafute, na ushahidi bado inabidi autoe kwenye ini na kwenye vichupa vya mwalimu Oum. Na kuna utamu wa ziada, serikali yake imetangaza kwamba mambo ya mizimu ni ujinga wa zamani, kwa hiyo mchunguzi wa maiti wa taifa ana siri ambayo hawezi kumwambia hata bosi wake.

Ila sehemu ya Khamuan haijakaa sawa. Pale mizimu inaacha kuwa kivuli inakuwa ndo yenyewe, kuna kupunga, kuna mapambano ya roho, na hilo lote linatokea katikati ya kitabu wakati mimi akili yangu iko Vientiane kwa Bi Nitnoy na wale Wavietnam. Nilisoma kurasa zile kwa haraka ili nirudi mjini. Kibaya zaidi ni kwamba Wahmong wenyewe wanapita. Ni wakarimu, wana uganga, wanamfungulia mzee siri yake, halafu tunaondoka. Watu waliopoteza kila kitu mwaka mmoja tu nyuma wanastahili zaidi ya kuwa daraja la mhusika mkuu. Mwandishi anagusia, anajua historia, unaona kabisa anajua, lakini hakukaa nayo.

Lingine dogo. Cotterill ni Mwingereza, amefanya kazi Laos na kaishi eneo lile miaka mingi, na mapenzi yake kwa nchi ile yanaonekana kila ukurasa, mvua zake, baiskeli, redio ya spika za mtaani inayokuamsha alfajiri utake usitake. Ila kuna saa Siri na Civilai wanataniana na unasikia kabisa utani wa Kiingereza, ule wa kujibizana haraka haraka kila mtu anataka neno la mwisho. Sio mara nyingi. Ikitokea inanitoa Vientiane. Na mwisho, bila kusema nani, mmoja wa watu wabaya nilimshuku mapema mno, ila mwingine hapana, huyo alinipiga kweli, nilirudi nyuma kurasa hamsini kuangalia kama mwandishi kanidanganya na hakunidanganya, alikuwa kaniwekea kila kitu mezani.

Kiingereza chake ni chepesi, sentensi fupi, mtu wa sekondari anakisoma bila kamusi. Majina ndo yatakusumbua kurasa thelathini za kwanza, Dtui, Geung, Haeng, Phosy (huyu ni polisi, mfuatilie), ukishaweza kuyatofautisha safari inakuwa tambarare. Usianze katikati ya mfululizo. Vipo vitabu 15, hiki cha kwanza kilitoka 2004 na cha mwisho 2020, na hawa watu wanazeeka, wanaoana, wanabadilika, kwa hiyo ukirukia cha saba utakuwa umeingia arusini bila kujua bibi arusi ni nani. Kama unapenda upelelezi wa mbio na risasi hiki utakiona kinakaa sana kula mkate. Kama una mzee nyumbani anayependa kusoma mpe, nasema kwa uhakika kabisa, maana sijaona mara nyingi mtu wa umri ule akiandikwa kama mtu mzima mwenye hasira, tamaa, hofu na akili inayochemka, badala ya babu wa kutoa busara mwishoni mwa sura.

Nakipa nyota nne na nusu kati ya tano, hiyo nusu iliyopungua ni ya Khamuan. Cha pili kinaitwa Thirty-Three Teeth na kiko kwenye simu yangu tayari. Cha tatu wanasema kinawarudisha Siri na Dtui kaskazini kwenye yale mapango ya vita, na hicho ndo ninachokitaka zaidi, nataka kumuona mzee akisimama tena mlangoni mwa pango alikokaa akiwa na imani yake yote.